Kumwita Mama Ili Kumpata Ndama: Mwongozo wa Kuwinda Ndama wa Musi kwa Upinde Katika Jimbo la Ontario

Musi, ambaye wanasayansi humwita Alces alces, ndiye mnyama mkubwa kuliko wote katika jamii ya kulungu, yaani wale wanyama wenye kwato ambao madume yao huota pembe zenye matawi na kuziangusha kila mwaka. Makazi yake ni misitu ya baridi ya Kanada, Alaska, Skandinavia na Urusi, na chakula chake ni majani na vijiti vya mierebi pamoja na mimea ya majini. Mwongozo huu unahusu uwindaji wa ndama wake, yaani mnyama ambaye hajatimiza mwaka mmoja, kwa upinde na mshale, katika jimbo la Ontario nchini Kanada. Jimbo hilo limechaguliwa kwa sababu sheria zake humtambua ndama kuwa aina ya windo inayojitegemea na wakati huohuo huutengea upinde msimu wake, mambo ambayo hayakutani kila mahali: Norwei, kwa mfano, huwinda ndama kwa wingi kila mwaka, lakini sheria yake hairuhusu upinde.

Msomaji wa Afrika Mashariki, aliyelelewa katika maadili ya uwindaji yanayomkinga mnyama mchanga pamoja na jike anayenyonyesha, huenda akashtushwa na wazo la kumlenga ndama kwa makusudi, na mshtuko huo unastahili kujibiwa kabla ya jambo jingine lolote. Musi jike huzaa kati ya katikati ya Mei na mwanzoni mwa Juni, baada ya kubeba mimba kwa takribani miezi saba na nusu, na huzaa ndama mmoja au pacha, kila mmoja akiwa na uzito wa kilo 15 hivi. Tangu siku hiyo ndama huandamwa na vifo vya kila namna: dubu weusi humwinda katika wiki zake za mwanzo, mbwa mwitu humfuata mwaka mzima, theluji nzito humchosha, na kupe wa majira ya baridi, ambao huweza kukaa kwa maelfu juu ya mwili mmoja, humnyonya damu hadi mwezi wa Aprili, wakati ambapo akiba yake ya mafuta imekwisha. Katika maeneo mengi yenye dubu na mbwa mwitu, zaidi ya nusu ya ndama hawafikii mwaka mmoja. Jike mzima, kinyume chake, akishavuka umri huo ana nafasi kubwa ya kuishi na kuzaa mwaka hadi mwaka, kwa hiyo kumwondoa yeye ni kuondoa pia uzao wake wa miaka ijayo, ilhali sehemu ya ndama wanaochukuliwa na mwindaji wangekufa hata kama asingewagusa.

Hoja hiyo ina mpaka wake, na historia ya Ontario yenyewe inauonyesha. Mfumo wa kuchagua windo kwa jinsi na umri ulianzishwa jimboni humo mwaka 1983, na kwa miaka mingi kila mwenye leseni ya musi aliruhusiwa kumchukua ndama bila kushindania kibali cha pekee. Idadi ya musi ilipoanza kushuka katika sehemu nyingi, msimu wa ndama katika eneo kubwa la kaskazini ulifupishwa mwaka 2015 ukawa wa wiki mbili, na kuanzia mwaka 2021 vibali vya ndama navyo viliwekewa ukomo. Ni dhahiri kwamba si kila ndama aliyepigwa alikuwa wa kufa kwa vyovyote, na mwindaji anayeitumia hoja hiyo kama ruhusa isiyo na kikomo hajaielewa.

Kwa sasa utaratibu ni huu. Mwindaji huhitaji kadi ya uwindaji ya jimbo, inayopatikana baada ya mafunzo na mtihani, kisha leseni ya musi, kisha tagi, yaani kibali cha kuchukua mnyama mmoja wa aina iliyotajwa, katika kitengo cha usimamizi kilichotajwa na katika msimu uliotajwa, uwe wa upinde au wa bunduki. Tagi ziko za aina tatu: ya dume, ya jike au ndama, na ya ndama peke yake. Hugawanywa kwa pointi ambazo mwombaji hujikusanyia mwaka baada ya mwaka, na kwa kuwa ile ya ndama kwa kawaida haigombewi kama ya dume, ndiyo inayoweza kumfikia mapema mtu aliyehamia jimboni humo karibuni, wakiwamo Waswahili wa Kongo, Kenya na Tanzania wanaoishi katika miji yake. Mtu asiye mkazi hana njia hiyo. Sharti awe mgeni wa kampuni ya kitalii iliyogawiwa tagi au awinde pamoja na ndugu yake wa karibu ambaye ni mkazi. Tarehe za misimu hutofautiana kati ya kitengo na kitengo, hivyo kijitabu cha kanuni cha mwaka husika lazima kisomwe upya kila mwaka, hata na mkongwe.

Yote yatakayofuata yamejengwa juu ya ukweli mmoja, nao ni kwamba ndama wa musi hajiamulii kitu. Hali anapotaka bali mama anapokula, hakimbilii anapoona kuna usalama bali mama anapokimbilia, naye huendelea hivyo hadi majira ya kuchipua yanayofuata, mama anapomfukuza ili azae mwingine. Kwa hiyo mwindaji mwenye tagi ya ndama hutafuta makazi ya mama, hupima upepo kwa pua ya mama, huita kwa sauti itakayomgusa mama, na kuuvuta upinde mama anapotazama pengine. Anayeliweka jambo hili akilini hatashangazwa na mengi msituni, na anayelisahau ataishia kuona mgongo wa ndama ukitokomea nyuma ya mgongo wa mama yake.

Jike mwenye ndama huchagua mahali kwa hofu zaidi kuliko kwa njaa. Mwishoni mwa kiangazi na mwanzoni mwa majira ya majani kupukutika, anapatikana kwenye kingo: pale ambapo kinamasi chenye mierebi kinapakana na msitu mnene wa misonobari, kwenye mabwawa yaliyojengwa na biva, yule mnyama apangaye magogo na matope kuziba vijito, kwenye rasi na visiwa vya maziwa ambako maji humlinda dhidi ya mbwa mwitu, na pembezoni mwa maeneo yaliyokatwa mbao miaka kadhaa iliyopita, ambako miche imefikia kimo cha mdomo wake. Alama ya kutafutwa ni nyayo za ukubwa wa aina mbili zinazofuatana, kwato pana za mama na kwato ndogo za ndama zinazokaribia ukubwa wa kwato za kulungu wa kawaida, pamoja na vinyesi vya ukubwa wa aina mbili na vijiti vilivyokatwa kwa vimo viwili. Penye alama za namna hiyo kwenye tope la zamani na la jana pia, familia inakaa karibu, kwa maana jike mwenye ndama hatangatangi mbali kama dume wa msimu wa kupandana. Mwindaji anayewakuta ziwani wakiogelea hana la kufanya ila kutazama, kwa sababu sheria ya Ontario inakataza kumwinda musi akiwa anaogelea.

Kupandana hufikia kilele kati ya mwisho wa Septemba na mwanzo wa Oktoba, nao wakati huo, ambao mwindaji wa dume huusubiri mwaka mzima, ni wenye vurugu kwa mwindaji wa ndama. Dume anayemfuata jike humwona ndama kuwa kizuizi na huweza kumfukuza, hivyo ndama hubaki akizunguka pembeni kwa saa kadhaa au zaidi, akilia kumtafuta mama yake. Siku kama hizo ndama mpweke huweza kuitika mwito kwa wepesi wa kushangaza, lakini ukubwa wa mnyama mpweke ni mgumu kuuhukumu, kama itakavyoelezwa. Wiki zinazotangulia kilele, wakati jike bado hajakubali dume na ndama bado amemganda ubavuni, na siku zinazofuata kilele, familia inapokuwa imeungana tena, ndizo bora zaidi kwa wale ambao vitengo vyao vinauruhusu upinde wakati huo.

Miito inayomfaa mwindaji huyu ni miwili, na kila mmoja una hatari yake. Wa kwanza ni mwito wa jike, mlio mrefu wa puani unaodumu sekunde tatu hadi sita, unaopanda polepole, kukaa kidogo juu, kisha kushuka kwa kuvunjika. Kwa vizazi vingi watu wa asili wa misitu hiyo, Waanishinaabe na Wakri miongoni mwao, wameutoa kwa kutumia pembe iliyosokotwa kwa gome la mti wa betula, yaani koni ya gome yenye urefu unaokaribia mkono kutoka kiwiko hadi kiganja, ambayo huikuza sauti ya mdomo na kuipa mkwaruzo wa koo la mnyama. Viganja viwili vilivyokunjwa mdomoni hutosha mahali ambapo windo haliko mbali. Kila mtu ajua kwamba mwito huo humleta dume, lakini majike nao huitika, ama kwa kumwonea mgeni wivu katika eneo lao, ama kwa udadisi tu, na jike anayeitika huja na ndama wake. Tatizo ni kwamba dume naye atakuja, na akishafika atamvuruga jike, atazunguka hadi anuse harufu ya mtu, na huenda akaiharibu asubuhi nzima kwa mtu asiye na ruhusa ya kumpiga. Kwa sababu hiyo mwindaji wa ndama huutumia mwito wa jike kwa uchache na kwa sauti ya chini, na kilele cha msimu kinapofika ni heri auache kabisa.

Mwito wa pili ni wa ndama mwenyewe, nao ndio kiini cha mbinu hii. Ni mlio mfupi na mwembamba, usiofika sekunde moja na nusu, unaotoka puani na kupanda mwishoni kama swali. Ndama aliyepotea huurudia mara mbili au tatu, hunyamaza akisikiliza, kisha huurudia tena. Mwitaji hubana koo na kuusukuma mlio kwenye paa la mdomo, akianza kwa sauti ambayo mtu aliye hatua 50 ataisikia kwa shida, kwa sababu familia huenda imelala karibu kuliko inavyodhaniwa na kelele ya ghafla huifukuza. Baada ya mfululizo wa kwanza husubiri dakika 15 kamili bila kusogea, na ndipo huongeza sauti kidogo. Asubuhi tulivu yenye jalidi, kabla upepo haujaamka, sauti hiyo husafiri mbali. Siku ya upepo haifiki popote, na kuendelea kuita siku hiyo ni kuwafundisha musi wa jirani kuidharau.

Katika mwito wa ndama kuna ngazi moja zaidi, nayo ni kilio cha dhiki: mlio uleule ukiwa mrefu, wa haraka na wenye mtetemo, kama wa ndama aliyekamatwa. Huu humleta mama akiwa na hasira badala ya udadisi, masikio yamelala nyuma na nywele za nundu zimesimama, naye katika hali hiyo hupiga kwa kwato za mbele na ana uwezo wa kumuua mtu. Zaidi ya hayo, dubu na mbwa mwitu wanaujua mlio huo kuliko mwindaji yeyote, na huufuata. Waandishi wengine huusifu kwa sababu matokeo yake huonekana haraka. Hata hivyo, mama aliyekuja mbio kwa hasira humwacha ndama wake nyuma kichakani, hali inayoufanya mlio huo kushindwa katika jambo lilelile ulilokusudiwa. Mlio wa upole wa ndama aliyepotea, unaomleta mama akitembea hatua kwa hatua na ndama wake akimfuata nyuma, ndio unaofaa upinde.

Upangaji wa watu ni muhimu sawa na mwito, na kwa kawaida huhitaji wawili. Musi haoni vizuri kitu kisichosogea, lakini hunusa na kusikia kwa ukali mno, na anapoikaribia sauti asiyoiona hupenda kuzunguka hadi ainuse kutoka upande wa demani, yaani upande ambao upepo unaelekea baada ya kumpita mwitaji. Mabaharia wa pwani wanaojua demani na joshi hawahitaji kufundishwa zaidi. Mpigaji basi hakai kando ya mwitaji. Hukaa hatua 40 hadi 60 mbele yake na kuelekea demani, juu ya njia ambayo jike ataifuata akizunguka, akiwa ameepuka mstari ambao harufu yake mwenyewe ingeukata mapema. Jike hukazia macho na masikio mahali sauti ilipotokea, na kwa kufanya hivyo humpita mtu aliye karibu naye zaidi bila kumtambua. Mwitaji kwa upande wake hukaa nyuma ya gogo au mti mnene, asionekane, mgongo wake ukiwa na kinga, kwa kuwa ni yeye ambaye jike anamjia.

Mpigaji hupima umbali wa miti kadhaa kabla ya mwito wa kwanza, akijua mti upi uko mita 10, upi mita 20 na upi ndio mpaka asiouvuka. Kwa wapigaji walio wengi mpaka huo usizidi mita 25, hata kama ubaoni wanapiga kwa uhakika mita 50, kwa sababu ubao haupigi hatua mshale ukiwa hewani. Ulingo juu ya mti, kwa mpigaji aliyejifunga mkanda wa usalama, unafaa hapa kuliko ardhini kwa sababu mbili: unamwezesha kumwona ndama aliyefunikwa na vichaka vya kimo cha kifua, na unaufanya mshale ushuke kuelekea ardhini badala ya kuruka mlalo hadi kwa mnyama mwingine aliye nyuma. Jambo hili la pili halipaswi kupuuzwa, kwani mshale unaopita kwenye mbavu za ndama huweza kutoka upande wa pili ukiwa na nguvu ya kutosha kumjeruhi pacha wake au mama, na tagi ni ya mnyama mmoja.

Harufu za kumvutia windo zinazouzwa madukani zinahitaji tahadhari ya kisheria. Ontario inakataza kutumia au hata kuwa nazo kwa ajili ya uwindaji zikiwa zimetengenezwa kwa mkojo au sehemu nyingine ya mwili wa mnyama wa jamii ya kulungu, katazo lililowekwa ili kuzuia ugonjwa wa kudhoofika unaoshambulia ubongo wa wanyama hao. Hasara si kubwa, kwa sababu mama wa ndama anavutwa na sauti zaidi ya harufu.

Utambuzi wa ndama unaonekana rahisi kwenye picha na huwa mgumu alfajiri. Kufikia Septemba na Oktoba ndama ana uzito unaokaribia kilo 150 au zaidi, mkubwa kuliko kulungu dume aliyenona, na rangi yake nyekundu ya utotoni imekwisha kuwa ya kahawia iliyoiva kama ya mama. Akisimama kando ya mama hakuna swali: mgongo wake hufika katikati ya mwili wa mama. Akiwa peke yake, alama inayotegemewa ni uso. Ndama ana uso mfupi wa pembetatu na pua nyembamba, ilhali musi aliyevuka mwaka ana uso mrefu wenye pua nene iliyoinama kwa mbele, ile inayompa musi sura yake. Mtego ni jike wa mwaka mmoja na nusu, asiye na pembe, mwembamba, aliyefukuzwa na mama yake majira ya kuchipua na anayeweza kuitika mwito wa jike kwa upweke tu. Kumpiga huyo kwa tagi ya ndama ni kosa la kisheria, na kisingizio cha giza hakimsaidii mtu. Kanuni inayofaa kushikwa ni kwamba mnyama mpweke ambaye uso wake haujaonekana wazi kwa ubavu, kwa darubini, katika mwanga wa kutosha, huachwa aende zake, hata kama saa za kisheria, zinazoanza nusu saa kabla ya jua kuchomoza na kuisha nusu saa baada ya kuzama, bado hazijakwisha.

Kuhusu zana, sheria ya Ontario huweka kima cha chini kwa musi bila kujali umri: upinde wa kawaida au upinde wa kapi, ambao magurudumu yake hupunguza uzito mpigaji anapoushikilia ukiwa umevutwa, uwe na mvuto wa kilo 22 angalau, katika urefu wa mvuto usiozidi sentimita 70; upinde wenye kitako na kifyatulio uwe na mvuto wa kilo 54 angalau; na chembe, yaani kichwa cha mshale, kiwe na upana wa milimita 22 angalau na makali yasiyopungua mawili. Ndama hana mifupa mizito kama ya baba yake, lakini chembe cha makali yaliyokazwa, kisichofunguka kwa mtambo, juu ya wano zito, bado ndicho chaguo la busara, kwa kuwa hupenya hata kikigusa ubavu na hakina kinachoweza kukwama. Ikumbukwe kwamba mshale huu huua kwa kumwaga damu peke yake. Wawindaji wa Kiwaata wa Tsavo walivuta pinde nzito mno lakini waliitegemea sumu ya msunguti kumaliza kazi, na Wahadzabe wa Ziwa Eyasi hutumia utomvu wa mdagu kwa wanyama wakubwa. Ontario sumu ni marufuku, na kwa hiyo mahali mshale unapoingia pana uzito ambao mwindaji wa mishale ya sumu hakulazimika kuubeba.

Mahali hapo ni mapafu na moyo, theluthi ya chini ya kifua, nyuma kidogo ya mguu wa mbele. Mnyama anapaswa kuwa amesimama ubavu, au ameelekeza kichwa mbali kidogo na mpigaji ili mshale uingie nyuma ya mbavu na kuelekea bega la mbele la upande wa pili. Anayetazamana na mpigaji, au aliyempa mgongo, hapigwi. Jike huingia kwanza, na kishawishi cha kuuvuta upinde mara anapoonekana ndicho kinachoharibu kazi mara nyingi, kwa sababu macho yaliyopo ni manne na hayatazami upande mmoja. Upinde huvutwa kichwa cha jike kinapokuwa nyuma ya shina na ndama akiwa bado kichakani. Jike huachwa apite akimwelekea mwitaji. Ndama anapotokea uwanjani mwitaji, au mpigaji mwenyewe kwa mdomo, hutoa mlio mmoja mdogo ili asimame. Na mshale huachiwa pale tu mwili wa ndama umetengana kabisa na wa mama na hakuna kitu nyuma yake. Ndama ana mazoea ya kukaa upande wa mama ulio mbali na hatari, hivyo dakika nyingi za kushikilia upinde huishia kwa kuulegeza bila kupiga, na upinde wa kapi hupendelewa kwa sababu hiyo.

Baada ya mshale, mwindaji hukaa. Ndama aliyepigwa mapafuni kwa kawaida hukimbia mita zisizozidi mia moja au mia na nusu na kuanguka, lakini hukimbia alikokimbilia mama, na mama huweza kurudi na kusimama juu yake. Nusu saa ni muda wa chini kabisa wa kungoja hata pigo likionekana zuri. Damu nyekundu yenye povu juu ya mshale huashiria mapafu, damu iliyoiva na kuwa nyeusi huashiria ini na kudai saa nne hadi sita, na uchafu wa kijani wenye harufu huashiria matumbo na kudai saa nane au zaidi, isipokuwa mvua au theluji inapotishia kufuta kila kitu. Katika ufuatiliaji kuna ugumu wa pekee, kwamba nyayo za ndama zimechanganyikana na za mama, na mara nyingine za pacha. Kwa hiyo hufuatwa damu, si nyayo, na kila tone la mwisho hufungiwa utepe kabla ya kutafuta linalofuata. Mama akikutwa amesimama, mwindaji hurudi nyuma polepole hadi nyuma ya mti, bila kelele na bila kumkodolea macho, na humpa muda. Huondoka mwenyewe, ingawa huenda ikachukua saa moja au mbili, na hakuna nyama inayostahili kuharakishwa mbele ya kwato zake.

Mnyama akishapatikana, tagi huambatanishwa au kuandikwa kama kanuni zinavyoagiza kabla ya kumsogeza. Tumbo hufunguliwa mara moja, kwa sababu ngozi nene ya majira ya baridi hushika joto na nyama huanza kuharibika karibu na mifupa ya paja hata siku ya baridi. Mbavu hutanuliwa kwa kijiti, na robo nne huning'inizwa kivulini ndani ya mifuko ya kitambaa inayopitisha hewa. Watu wawili huweza kumbeba ndama mzima kwa safari chache, jambo ambalo dume wa kilo 500 haliruhusu, na nyama yake ni laini kiasi cha kutohitaji kuning'inizwa siku nyingi. Ini na figo, ambazo jikoni kwingi ndizo huliwa kwanza, huachwa, kwa kuwa jimbo linashauri zisiliwe kutokana na kadimiamu, metali yenye sumu inayojikusanya humo. Baada ya msimu mwenye tagi huwasilisha ripoti kwa wizara, awe amepata au amekosa, kwani ripoti hizo ni miongoni mwa takwimu zinazotumika kupanga idadi ya tagi za ndama za miaka inayofuata.